Mawe ya Njia Nyepesi

Katika hifadhi yetu ya kisiwani Nosy Be kuna njia kadhaa za kutembea, na mimi, Oumi binti Nourdine, niliajiriwa kuwaongoza wageni kwenye ile iliyo nyepesi kuliko zote. Nyepesi kweli. Inaanzia nyuma ya kijiji chetu cha Marodoka, inapita kando ya mikoko, inaingia msituni pale komba weusi wanapopenda kukaa na kuwatazama watu kwa dharau, kisha inarudi pwani. Hata mtu aliyetoka kula pilau ya harusi sahani mbili anaimaliza bila kuhema. Nilizoea kuwaambia wageni kwamba anayepata tabu humo ni kinyonga peke yake, na yeye tabu yake ni ya kujitakia.

Mwaka ule wa tisini na nane tulikuwa tunangoja uzinduzi wake rasmi. Mkubwa mmoja angekuja Jumatatu kukata utepe, kwa hiyo vibarua walikuwa wameifagia njia na kuipanga mawe meupe pande zote mbili, ikapendeza kama bibi harusi aliyelazimishwa.

Ijumaa asubuhi niliingia na wageni wawili, mume na mke kutoka Reunioni. Ndiyo kwanza nilikuwa nawaonyesha kinyonga ambaye wao walisema ni jani, nikasikia sauti ya bibi yangu. Sisi Wangazija bibi tunamwita koko, na Koko Koulsoum akipaza sauti, komba huhama tawi.

"Oumi! Njoo hapa! Na hao Wazungu wako waje!"

Hawakuwa Wazungu, lakini haikuwa saa ya kumsahihisha. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, siku ambayo wanawake wa kwetu huenda kusafisha makaburi kabla ya Ramadhani. Makaburi ya zamani yako msituni humo humo, karibu kabisa na njia. Nikamkuta Koko amesimama katikati ya njia, uso umepakwa liwa, panga mkononi. Nyuma yake Bi Sittou na Bi Echata walishika mifagio kama watu wanaokwenda vitani.

"Babu yako hana jiwe," akasema.

Makaburi yetu hayana majina wala ujenzi. Ni mwinuko wa mchanga na mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni, wafiwa huyaokota wenyewe pwani. Vibarua walitoka nyanda za juu, na huko kwao kaburi ni nyumba ya mawe yenye mlango, pengine nzuri kuliko nyumba ya aliye hai. Walipoyaona mawe meupe majanini, wao waliona mawe tu. Wakayabeba. Sikuweza hata kuwachukia. Mimi nikipelekwa kwao, si ajabu nikapiga hodi kaburini.

Koko akanyoosha panga kwenye ukingo wa njia. "Lile pale, lenye tundu. Nililichagua mwenyewe nikalibeba kichwani tangu pwani. Leo limekuwa pambo!"

Mke wa mgeni, ambaye alikuwa amekalia jiwe la jirani akifunga kamba za kiatu, aliuliza kwa Kifaransa kumetokea nini. Nilipomwambia aliruka kama aliyekalia siafu.

Wakati huo msimamizi wetu, Zoubeir, akaja mbio, viatu vinang'aa msituni. Ni kijana wa mji wa Mahajanga, Mngazija kama sisi. Akamwamkia Koko kwa adabu zote, akasikiliza, akajifuta jasho.

"Mama, ni kosa, nakubali. Uzinduzi ukishapita, vibarua watayarudisha yote. Naapa."

"Na Ramadhani nayo imngoje mkubwa wako amalize kukata utepe?"

"Ni siku chache tu, Mama. Nawaomba ondokeni sasa, mtarudi."

Bi Echata alishusha ufagio. Koko akamkazia macho Zoubeir.

"Kwenu Mahajanga, mtaa gani?"

"Mahabibo, Mama."

"Basi kamuulize mama yako. Mwaka ule wa vurugu huko kwenu, sisi Wangazija tulipopigwa na kuchomewa nyumba, nasi tuliambiwa hivyo hivyo. Ondokeni sasa, mtarudi. Nikamwacha mwanangu Bourhane kaburini, nikapanda chombo na nguo moja mwilini. Mpaka leo sijui kimeota nini juu yake. Hapa nimemzika mume wangu. Hapa siondoki."

Nikaona usoni pa Zoubeir kwamba mama yake alishamsimulia. Lakini Jumatatu ilikuwa inamngoja, naye aliiogopa Jumatatu kuliko Koko. Akanigeukia mimi.

"Oumi, mzuie bibi yako."

"Bwana Zoubeir, babu yangu alijaribu mpaka akafa. Mimi nitaweza?"

"Sitanii. Ukiligusa jiwe hilo, nipe kitambulisho chako cha kazi."

Kitambulisho kile nilikihangaikia. Mwanamke mwongoza wageni nilikuwa peke yangu, na ingawa picha yake ilinifanya nifanane na mwizi wa kuku, nililala nacho shingoni wiki nzima ya kwanza. Koko alikuwa ameshainama. Jiwe halikutikisika. Akajaribu tena, wala hakuniita.

Nikainama, nikalinyanyua mpaka kifuani. Zito, shenzi kabisa.

"Mikono imejaa," nikamwambia Zoubeir. "Kichukue mwenyewe."

Akakichukua. Alivusha kamba juu ya kichwa changu polepole, kama anayeogopa kuniharibia nywele, akakitia mfukoni. Mimi nikaenda na jiwe langu.

Baada ya hapo nani angezuia? Bi Sittou alikwenda kijijini kuwaita wengine, na yule mgeni mwanaume akaweka kamera chini akauliza aanze na lipi. Wanawake wakafika, wakapatana na kugombana juu ya jiwe lipi ni la nani.

"Hilo la marehemu wangu, liache!"

"Marehemu wako alikuwa mfupi, jiwe kubwa hivyo la nini?"

"Mfupi wewe!"

Kabla ya adhana ya Ijumaa njia ilikuwa tupu pande zote mbili. Koko alilisimamisha jiwe la babu kichwani pake, akalishindilia mchanga kwa kisigino, tukasoma Fatiha. Zoubeir naye aliinua mikono, lakini kwa mbali, kwenye njia yake.

Tulipotoka akatufuata. "Mama, wageni watapotea bila kingo. Nimwambie nini mkubwa?"

"Wapotee kidogo," Koko akasema bila kugeuka. "Watatuuliza."

Tukatembea. Penye mikoko akanishika mkono.

"Wamekufukuza kazi?"

"Naona hivyo, Koko."

"Kwa hiyo Jumatatu huna shughuli."

"Sina."

"Vizuri. Utanibebea mkeka. Tutakaa pale pale penye makaburi, mimi na wenzangu wote, na huyo mkubwa akija na mkasi wake atatukuta."