Nimeombwa Nisiangalie Fainali

Waliniomba kwa adabu, hilo siwezi kulikataa. Walikuja watatu nyumbani baada ya kazi, Mwenyekiti, Seremala na mwenzao mmoja, wakavua viatu mlangoni kama watu waliokuja kuposa, wakakataa chai mara ya kwanza kisha wakaikubali. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kusema. Anauza vipuri vya baiskeli na hakuna aliyemchagua kuwa mwenyekiti wa chochote. Cheo alijipa mwenyewe, sisi tukamwachia.

"Sponji," akasema, maana ndivyo wanavyoniita kwa ajili ya kazi yangu ya makochi, "timu yetu imefika fainali."

"Najua. Hata mimi nina macho."

"Hayo macho yako ndiyo yaliyotuleta hapa."

Akaeleza. Kila fainali tuliyowahi kufika tumefungwa, na zote mimi nilikuwepo. Ni kweli nilikuwepo, lakini hata wao walikuwepo, na paka wa Seremala alikuwepo. Mechi kubwa pekee niliyoikosa ni nusu fainali ya mwaka huu. Siku hiyo baba mkwe alikuwa amelazwa, nikaenda kumwona, na timu ikashinda ugenini kama mchezo wa kuigiza. Mwenyekiti alikuwa amekaa na jambo hilo mpaka likaiva kichwani mwake.

"Hatusemi wewe ni mtu mbaya," akasema. "Gundu si dhambi. Mtu huzaliwa nayo kama kigugumizi."

Nikamtazama Seremala. Mimi na huyu tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye huunda mbao za kochi, mimi huzivisha, na karakana yake ndimo tunamoangalia mpira, katikati ya maranda, televisheni ikiwa juu ya rafu ya gundi. Nilingoja acheke ili na mimi nicheke. Alikuwa anaangalia chai yake.

"Ni mechi moja tu, ndugu yangu," akasema. "Tukishinda, kombe ni la wote."

Nikakubali. Ningefanyaje? Ningekataa, halafu tufungwe, ningekuwa nimewafunga mimi. Walipoondoka, mke wangu alitoka chumbani akiwa amesikia yote.

"Watu wazima na ndevu zenu! Kama wewe una gundu, mimi niliyeolewa na wewe niko hai vipi?"

Mimi nilikuwa na hofu moja tu, nayo sikumwambia: kwamba wakishinda bila mimi, sitarudi tena pale karakana. Shabiki anayeombea timu yake na huku anauogopa ushindi wake ni mtu wa kuhurumiwa.

Siku ya fainali nikajitafutia kazi mbali na karakana. Kulikuwa na kochi la mama mmoja, mkunga mstaafu, anayeishi peke yake karibu na kisima cha maji. Mwenye mkokoteni alilishusha mlangoni akatoweka mbio kuwahi mechi. Nikaliingiza ndani kwa kulisukuma na kuligeuza, nikalikuta linayumba, sakafu yenyewe ikiwa na mabonde. Na televisheni ilikuwa inawaka. Mama alikuwa anangoja taarifa ya habari, na kabla ya habari kulikuwa na mpira.

Nikapiga magoti nikaupa mpira mgongo, uso ukutani, nikawa nachongea mguu wa kochi kipande cha mbao. Masikio sikuweza kuyapa mgongo. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Cha pili kikaanza.

"Mwanangu," mama akasema, "mbona umekaa kama mtoto aliyeadhibiwa? Njoo tukae wote tulijaribu kochi."

Nisimsingizie mama wa watu. Nilitaka kukaa. Nikakaa.

Timu yetu ilikuwa imebanwa, inapumulia puani. Mpira ulipokuwa umebakiza muda mchache tukapata kona. Kipa akaupiga ngumi, ukamgonga beki wetu wa kushoto, yule tuliyemtukana msimu mzima, ukamgonga gotini jamani, na ukaanza kwenda golini polepole kama mtoto aliyetumwa dukani asiyetaka kwenda. Ukaingia.

Nikaungoja moyo wangu. Niliujua moyo wangu vizuri. Kwa kona tu huwa unanipanda kooni. Safari hii ulikuwa unadunda taratibu, hauna hili wala lile. Mikono ilikuwa juu ya magoti. Niliiangalia, nikaona ni mikono ya fundi aliyemaliza kazi.

"Wa zambarau ndio wenu?" mama akauliza.

"Ndio."

"Wamefunga?"

"Wamefunga, mama."

"Sasa mbona hushangilii?"

Tangu utotoni nilikuwa nimeiandaa kelele ya siku hiyo. Nilijua hata mpangilio wake: ningemkaba Seremala shingo, tungeanguka pamoja kwenye maranda, Mwenyekiti angepoteza sauti, mtu angekanyaga paka. Vyote hivyo vilikuwa mahali pengine, vikifanywa na wengine. Wanasema kifo cha wengi harusi. Furaha ya mtu mmoja sijui wanaiitaje. Nilijaribu kusema "Goli!" kwa sauti ndogo, mama asishtuke. Ilitoka kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Filimbi ya mwisho ikapigwa. Nahodha akalinyanyua kombe, vikaratasi vikamiminika, wachezaji wakalia. Nilikuwa bado nawatazama, mama aliponiomba radhi, akabadilisha chaneli, kwa sababu habari zilikuwa zimeanza. Nikaukagua tena mguu wa kochi. Ulikuwa imara. Nikaaga.

Barabarani kulikuwa hakupitiki. Honi, sufuria, filimbi. Mwuza nyama alikuwa anacheza na aproni yake ya damu, amemkumbatia mteja aliyevaa shati jeupe, na mteja hajali. Mimi nikapita pembeni pembeni na kisanduku changu cha misumari. Sikufika mbali.

"Sponji! Sponji huyo!"

Kabla sijageuka nilikuwa hewani, mabegani mwa watu. Mwenyekiti alikuwa analia, sauti imekauka, akinibusu goti maana ndilo alilolifikia. Na walikuwa tayari wametunga wimbo: *Sponji hakuja, kombe limekuja!* Watoto wasionijua waliuimba. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi sikuwepo, na lililoimbwa mtaa mzima lilikuwa langu.

"Nimeangalia!" nikapiga kelele kutoka kule juu.

Wakacheka.

"Nimeangalia, nawaambia! Goli nimeliona! Beki wa kushoto, kwa goti!"

Mwenyekiti akanionyesha simu yake. "Goli hili sasa hivi dunia nzima imeliona."

"Nilikuwa kwa mama mkunga! Nendeni mkamuulize!"

"Sponji, acha utani," akasema kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Kama ungeangalia, tungeshinda vipi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nikiwa naning'inia pale nilitafuta kosa katika maneno yake, na kwa muda kidogo sikuliona. Mtu aliye mabegani mwa wenzake hawezi kubishana nao. Akibisha sana ataanguka.

Wakanibeba hadi mlangoni kwangu, wakaniweka chini taratibu, wakanipangusa hata vumbi. Nikaweka kisanduku ndani nitoke tuongozane. Seremala akajishughulisha na kufunga kamba ya kiatu.

"Wanarudia mechi yote kwenye televisheni," Mwenyekiti akasema. "Tunakwenda karakana kuiangalia. Wewe pumzika."

"Mechi imeshaisha, bwana."

"Tunajua imeisha. Lakini hata hivyo."

Wakaondoka na wimbo wangu. Mke wangu akanipa maji ya kuoga, kisha chakula, kisha akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Sikuwa na homa. Sikuwa na hasira pia, nami hasira ndiyo mali yangu, kila anayenijua anajua. Nilikaa kuingoja furaha nikijiambia labda imechelewa tu, kama ganzi ya mguu inavyotoka ukingoja. Nikasikia mtaani wanashangilia tena lile goli la marudio, kwa nguvu zilezile.

Asubuhi Seremala akaja kwenye kibanda changu na fremu ya kochi jipya begani. Akaitua, akaizunguka kama ni ya mtu mwingine.

"Uliangalia," akasema.

"Kipindi cha pili."

"Nilijua. Wewe ukidanganya unajikuna shingo. Jana hukujikuna."

Nikaacha nyundo. "Basi waambie. Mimi hawanisikii. Wewe watakusikia."

Akatoa kibanzi kwenye mbao kwa ukucha.

"Niwaambie nini, ndugu yangu? Watu wamengoja maisha yao yote. Jana wamepata kombe, tena wamepata na sababu. Nikiwaondolea sababu, wataanza kuogopa upya. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza na timu ngeni, nayo ni kali. Ukiwepo, tukafungwa, watakutafuta wewe. Wakimaliza watanitafuta mimi niliyekuruhusu."

"Kwa hiyo unajua kwamba sina gundu."

"Najua."

"Na nisije."

"Usije. Siyo mechi hiyo tu. Hata zinazofuata, maadamu tunazidi kushinda."

Mwenyekiti kuniita mwenye gundu hakukuniuma kiasi hicho. Yeye alinifukuza kwa kuwa aliniogopa. Huyu hakuniogopa hata kidogo. Alikuwa ameupima ukweli na nafasi yangu kwenye benchi la karakana, akaona benchi litakuwa na amani zaidi bila mimi, na akaja mwenyewe kunieleza kwa kuwa ni rafiki yangu. Nilijua yote hayo ni ya kuumiza. Niliyajua kama unavyojua kwamba nje kuna baridi ukiwa ndani.

"Hatujapeana hongera," akasema, akanyoosha mkono.

"Hongera."

"Hongera na wewe."

Nikaushika mkono wake kupita kawaida, nikidhani labda furaha itapita hapo, kutoka kwake kuja kwangu, hata kidogo. Haikupita. Akaniuliza kochi litakuwa tayari lini, mteja analitaka.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," nikamwambia. "Siku hiyo nina nafasi."