Mikakao Iliyofagiliwa

Siku walipomfunga mkwe wangu Anselma kwenye mkakao, mimi nilikuwa jikoni namenya magimbi. Nilisikia kwanza mbwa, kisha kelele za vijana, kisha ubapa wa panga ukitua mgongoni mwa mtu. Aliyewahi kuusikia mlio ule wakati wa vita vyetu hausahau. Ni kama kofi juu ya maji, ila baada yake huja sauti ya binadamu.

Nikaacha magimbi, nikatoka.

Anselma alikuwa mke wa mwanangu Linus. Alitoka kusini mwa kisiwa chetu, upande wa Buin, na ukoo wake si wetu. Kwa kawaida Linus ndiye angemfuata kwenye ardhi ya mama yake, maana ardhi huku ni ya wanawake. Lakini mimi sikujaliwa binti, na goti langu lilikuwa limeanza kunigomea, hivyo nilimwomba aje akae na mimi kwanza. Akaja. Siku aliyofika alinichotea maji kabla hajafungua hata mzigo wake, na tangu siku hiyo sikuwahi kumwona ameketi wakati mimi nimesimama.

Akamzaa Oria hapa kwangu. Mtoto ndiye aliyeonja ubaya wa bonde letu.

Nyumba zetu ziko ndani ya mikakao, na chini ya mikakao kuna visubi. Tukishavunja kakao na kutoa mbegu, maganda tunayaacha yaoze palepale, marundo kwa marundo, pamoja na migomba iliyokatwa. Humo kwenye unyevu ndimo visubi wanamozaliana. Kisubi ni mdogo kuliko kichwa cha pini, na haimbi sikioni kama mbu. Unashtukia unawaka. Mbu ana sindano, lakini kisubi ana mkasi: anaikata ngozi, anaacha damu ijae kwenye kidonda, ndipo anakunywa. Wanaouma ni majike tu, kwa sababu bila damu mayai yao hayakomai. Madume wanaishi kwa utamu wa maua. Jioni upepo ukitulia wanatoka kama moshi.

Sisi tumewazoea. Oria hakuwazoea. Macho yalimvimba yakafunga, akajikuna miguu mpaka ikatoka usaha, na homa ikampanda. Anselma alimbeba usiku na mchana akimpepea kwa jani la mgomba, na mimi nikimpaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na majivu. Haikusaidia sana.

Basi Anselma akaenda kwenye chanzo. Alifukua marundo ya maganda, mengine akayazika, mengine akayachoma. Kisha akachukua fagio la chelewa. Kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Asubuhi ardhi lazima ioneshe mistari ya fagio. Lakini Anselma alipofika mwisho wa uwanja hakusimama. Aliendelea kufagia mpaka ndani ya shamba, shina kwa shina, mpaka chini ya mikakao pakawa peupe kama sakafu ya kanisa.

"Mke wa kaka, ukimaliza hapa nenda ukafagie na msitu," akamtania Scholastika, binti wa marehemu dada yangu mdogo.

"Nitaufagia, wifi, ukinishikia mtoto."

"Lete. Ila akinikojolea, na mimi utanifulia."

Visubi walipungua. Oria akapona, akaanza kucheka. Wanawake wengine walipoona hivyo nao wakaingia mashambani na mafagio, na wanaume wakafurahi, kwa sababu watu wa kilimo walikuwa wametuagiza kuzika kakao zenye funza. Blasius, kaka yake Scholastika, alisema mbele ya watu wote baada ya misa kwamba bonde zima limefundishwa usafi na msichana wa Buin. Alimpa mkono. Nilikuwepo.

Sehemu moja tu haikufagiliwa, ile mikakao michache nyuma ya banda langu la nguruwe. Nguruwe wangu alikuwa amezaa kwenye migomba iliyooza pale, na nikamwambia Anselma amwache, mzazi asisumbuliwe.

Msimu uliofuata maua yalikuja mengi kuliko kawaida. Ua la kakao linaota juu ya shina lenyewe, dogo kama kifungo cha shati, limeinama chini. Yalifunguka asubuhi, na kesho yake yakawa ardhini. Mengine yakafunguka, nayo yakaanguka. Ardhi ikawa na maua kama ya harusi, na juu ya mti hapakufunga hata tunda moja. Nyavu za buibui zikaisha kwenye matawi. Ndege wadogo waliokuwa wakiruka chini ya mikakao jioni wakaenda kwingine.

Leo naijua sababu. Baadaye alikuja mama mmoja wa kilimo na kioo cha kukuzia, akatuonesha mdudu ndani ya ua, akiwa na mgongo uliojaa unga wa njano. Ni kisubi, wa ukoo uleule wa wanaotuuma. Nyuki ni mnene mno, haingii. Kisubi ndiye anayejipenyeza na kuubeba unga kutoka ua hadi ua, na ua lisilotembelewa siku yake linaanguka. Watoto wake wanalelewa kwenye uozo ule tuliouchoma. Mama yule alituambia kuna visubi wengine wanaonyonya viwavi, na wengine wanampanda mbu aliyeshiba wakamnyonya ile damu aliyoiba. Tulicheka sana.

Lakini wakati ule hakuna aliyejua, na watu wasiojua wakipata hasara wanatafuta mtu.

Nilipofika shambani, Linus alikuwa kifudifudi ardhini, vijana wawili wamemkalia. Alikuwa amelishika panga kwa mkono mtupu kumkinga mkewe, na vidole viwili vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi. Alikuwa halii. Alikuwa anaita tu jina la Anselma, polepole, kama mtu anayemwamsha mtu.

Anselma walimfunga kwa kamba ya nguruwe, mikono nyuma ya shina. Blauzi ilikuwa imechanika mgongoni, na ngozi chini yake pia. Walikuwa wamemkata kipande cha sikio, damu ikitiririka shingoni. Kijana mmoja alikuwa anakuja na mzigo wa makuti makavu, akautupa miguuni pake, akageuka kwenda kuleta mwingine. Nikaelewa wanataka kumfanya nini.

Walinuka gongo. Mbele yao alisimama Blasius. Mama yake alipofariki mimi ndiye niliyemlea. Shati alilovaa nilikuwa nimelifua mwenyewe juzi yake.

"Mama mkubwa, rudi jikoni," akasema. "Hili ni jambo la wanaume."

"Jambo la wanaume, na aliyefungwa ni mwanamke? Mmehitaji wote hawa kwa mtu mmoja?"

Mmoja akacheka. Blasius akamkata jicho.

"Ametuulia miti," Blasius akasema. "Kila alfajiri anapita kwenye mashamba yetu, anainama kila shina, ananong'ona. Watu wamemwona."

"Nilikuwa naimba," Anselma akasema. Midomo ilikuwa imevimba, ilibidi ayatafute maneno. "Mtoto alikuwa mgongoni. Nilikuwa naimba alale."

Kepas akampiga mdomoni. Huyu Kepas hakuwa wa ukoo wetu. Alikuja kutafuta kibarua cha kuvunja kakao akabaki. "Nani amekuuliza, mchawi wewe?"

"Miti gani imekufa?" nikamuuliza Blasius. "Mbona ina majani mengi kuliko nywele zako?"

"Haina tunda, mama mkubwa. Shamba zima halina tunda."

"Yangu inayo."

Kijana wa makuti akasimama na mzigo wake kichwani.

"Ipi?"

"Ile ya nyuma ya banda la nguruwe. Imezaa mpaka chini. Nendeni mkaangalie."

Mmoja akakimbia kuangalia, akarudi na kakao changa mkononi, ya kijani, ndefu kama kiganja. Wakapokezana. Nilijua wanafikiri nini. Kama miti ya wote imekauka tumbo na ya bibi mmoja imezaa, basi si mgeni aliyeroga. Nilijua watanigeukia, na nilitaka wanigeukie. Anselma alikuwa mtu wa ukoo mwingine. Kumwua yeye kwao kulikuwa kazi ya mchana mmoja. Kuniua mimi ilikuwa kumwua mwenye ardhi waliyosimama juu yake, na Blasius angekuwa amemwua mama yake.

"Kumbe ni huyu bibi," Kepas akasema. "Amekula matunda yetu sote akayaweka nyuma ya nguruwe wake."

"Kepas, funga mdomo," Blasius akasema.

"Nifunge kwa nini? Wewe ndiye uliyetuambia tumtafute mchawi. Tumempata. Au mchawi akiwa mama yako anakuwa mtakatifu?"

Wakaguna kukubali. Nikatembea mpaka kwa Anselma, nikasimama mbele yake juu ya yale makuti. Kwa nyuma nilisikia pumzi yake. Akaninong'oneza, "Mama, ondoka." Damu ilikuwa inamtoka sikioni, na bado alikuwa ananihurumia mimi.

Kepas alinipiga kwa mpini mzito aliokuwa ameushika. Nilikuwa nimeinua mkono kujikinga, mfupa ukavunjika, nikausikia ukivunjika. Nikaanguka kwenye makuti. Akauinua tena ule mpini.

Pigo la pili halikunifikia. Blasius alimkata Kepas begani, kutoka juu kwenda chini, panga likaingia mpaka mfupani likakwama. Wakatazamana, wote wawili wamelishika, Kepas haamini. Kisha Kepas akapiga yowe, na rafiki zake wakamwangukia Blasius.

Nimeona vita vya bunduki. Ugomvi huu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wote walikuwa wanajuana majina. Walipigana kwa mapanga, kwa mawe, kwa meno. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake "samahani, kaka" huku anamkaba koo. Blasius walimpiga jiwe tayani, nikaona uso wake ukihama upande. Wale waliomkalia Linus wakamwacha, wakaingia kwenye vurugu, na Linus akatambaa kuja kwetu akiubana tumboni mkono uliokatwa.

Ndipo akatokea Scholastika. Alikuja na kisu changu cha magimbi, akapita katikati ya mapanga kana kwamba anavuka barabara. Alikata kamba. Anselma akamwangukia. Scholastika akavua sketi yake, akabaki na ya ndani, akamfunika nayo mgongo, mbele ya wanaume wote wale.

"Shika kiuno changu, wifi," akamwambia. "Usitazame. Tembea tu."

"Oria," Anselma akasema.

"Yuko kwangu, ananyonya muwa. Tembea."

Mwanaume mmoja, sitamtaja jina maana alikuwa amekuja pamoja na wale wengine, alininyanyua mimi. Alinibeba mpaka jikoni, akaniweka juu ya mkeka, akanisogezea mto chini ya mkono uliovunjika. Kisha akakaa mlangoni akalia.

Hakufa mtu. Kepas aliondoka bondeni na mkono usiofanya kazi. Linus alipoteza vile vidole. Blasius alifungwa taya kwa waya hospitalini, kwa muda mrefu akala supu kwa mrija.

Baada ya majeraha kuanza kukauka, ndugu zake Anselma walikuja kutoka Buin na gari. Walishuka na pinde, wakaziegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu ili kila mtu azione. Mkubwa wao, Otto, alizungumza kwa adabu.

"Bibi, tumefuata mtu wetu. Hatukuja kupigana. Ila kama kuna anayetaka kupigana, aseme mapema, safari yetu ni ndefu."

Blasius alikuja na nguruwe wa fidia aliyefungwa kwenye mti wa kubebea, yeye na mwingine wamembeba begani. Akamweka chini mbele ya Anselma. Hakuweza kusema kwa sababu ya waya, akapiga magoti tu, macho yanamtoka machozi. Anselma alimtazama. Kovu la sikio lilikuwa bado jekundu.

"Kaka Otto," akasema, "nguruwe huyo abaki."

Hakumpakia garini. Hakumtukana Blasius. Blasius akainuka, akaondoka mikono mitupu.

Linus aliamua kwenda pamoja na mkewe, na sikumzuia. Nilimtayarishia magimbi ya kuchoma na nazi, nikafunga kwa mkono mmoja, yeye akanisaidia kukaza fundo kwa vidole vilivyobaki. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, mume kumfuata mke kwenye ardhi ya mama yake. Na Oria ni wa ukoo wa mama yake, ameenda kwao.

Dereva alikuwa bado anatafuta maji ya kuweka kwenye injini. Nikiwa nimeketi kizingitini, nilimpa Anselma mkono, akautazama lakini hakuushika. Mwili wake ulirudi nyuma kidogo, wenyewe, kama unavyorudi kwenye moto. Sikumlaumu. Mkono wowote kutoka bonde hili ungemfanya hivyo.

Kisha akamfungua Oria mgongoni, akaniwekea mapajani.

"Mshike, mama," akasema. "Mpaka dereva arudi."