Bibi Harusi Hayumo

Asubuhi za ukungu, vilima vya Kigali vinapoelea kana kwamba vimesahau kushuka chini, Swafiya, mpiga picha, alikuwa na mazoea ya kuota macho wazi. Ndoto ilikuwa moja tu: anaingia ndani ya albamu ya harusi yake, anapita katikati ya mashangazi, anainua vitambaa vya meza, anamtafuta bibi harusi. Hampati ng'o.

Na angempata wapi? Siku ile, nyumbani kwao Nyakabanda, alimwona mpiga picha waliyemkodi amesimama akilikabili jua, uso wa bwana harusi umekuwa giza tupu. Mkono ukamwasha. "Nipe dakika moja," akasema, akaichukua kamera, na dakika hiyo ikaisha jioni, shela limefungwa kiunoni. Bibi harusi mzima kajisahau! Albamu ina kila mtu, hata mtoto aliyelala chini ya meza. Munyaneza, mumewe, fundi cherehani mpole, huwaonyesha wageni na kucheka: "Bibi harusi iko nyuma ya kamera." Anacheka, lakini albamu huifunga polepole mno. Swafiya huona, na huumia.

Mwaka huu chama cha wapiga picha kikamchagua kuwa balozi wake. Kwa mdomo ule, angekuwa nani mwingine? Alisema redioni, alisema Nyabugogo katikati ya kelele za mabasi, akawaendea wenye hoteli waliotundika picha ukutani bila kutaja aliyezipiga. "Picha haijipigi yenyewe! Andikeni jina!" Wakaandika, maana kubishana naye kulichosha kuliko kuandika.

Likabaki bango. Épiphanie, mwenyekiti wa chama, alitaka sura ya balozi ibandikwe Remera, karibu na uwanja. Wenzake wakaja kumpiga picha, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimkatiza: taa iko juu, sogea, hebu nipe. Kamera ikaishia mikononi mwake, na picha ikatoka ya yule aliyekuja kumpiga. Épiphanie akachoka.

"Swafi, kesho tunachapa. Kama foto haiko, tunatafuta balozi mwingine."

Swafiya aliogopa kweli. Kutazama alikujua, kutazamwa hakukujua kabisa.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa unaondoka taratibu. Munyaneza akaacha cherehani, akaiokota kamera mezani, kamera ambayo hakuwahi kuigusa.

"Mama Akimana, simama pale mulangoni."

Akasimama. Na mume, maskini, akajiweka palepale pabaya, jua lote limemkabili usoni. Swafiya aliliona kosa zima. Mkono ukamwasha.

"Baba Akimana, hapo ulipo..."

"Oya, weye nyamaza. Siku ile nilisimama peke yangu kwa foto zote. Nilikungoja. Haukukuja."

Balozi akaiacha kamera mikononi mwa mumewe. Mikono akaificha nyuma, akaishika mwenyewe kwa nguvu. Joto la jua likamlalia mgongoni, na ghafla akajiona anaingia tena kwenye albamu, safari hii kwa mlango wa mbele, shela bado kiunoni, na mashangazi wote wanasogea kumpa nafasi kando ya kijana mmoja aliyechoka kungoja. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

Picha ilitoka na kosa lake lote: uso giza, mwanga umezunguka kichwa.

"Hii?" Épiphanie akashangaa. "Chama cha wapiga picha wa kazi, tubandike hii?"

"Hiyohiyo. Na jina chini yake."

Bango liko Remera hadi leo. Wanaongoja basi hawaitambui sura ya balozi, ila chini yake wanasoma, kwa herufi kubwa: *Picha: Munyaneza, fundi cherehani.* Naye fundi siku hizi akipeleka nguo za wateja hupitia njia hiyo, hata za wateja wa Nyakabanda, upande wa pili wa mji.