Mpunga Usikanyagwe na Masele

Jumamosi asubuhi Masele alikoroga dawa ya magugu kwa mkono wake wa kulia, mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mkewe Rebeka alikataza mwiko wa jikoni usiguse sumu, na mwenye jiko akishasema, kasema. Kisha akajitwika bomba mgongoni, akaingia shambani pekupeku. Lusina, majani ya kulishia ng'ombe wao wa maziwa, ilikuwa na mwaka wa tatu, imeshika mizizi vizuri, ila nyasi za sangari zilikuwa zimeivamia. Jembe lingekata vichwa vya lusina. Ndiyo maana alikwenda Kahama kwa Sostenes, muuza pembejeo, akamiminiwa dawa kutoka dumu kubwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Maelezo yalibaki kwenye dumu.

"Vifuniko viwili kwa bomba moja," Sostenes alimwambia. "Inaua majani membamba, mapana inayaacha."

Glavu hakuzitaja, buti hakuzitaja.

Sangari ilikauka, lusina ikabaki kijani. Baada ya wiki Masele alikatiza shamba la jirani yake Nkwabi, na mahindi yakakauka kila alipopita. Nkwabi alifuata nyayo hadi mlangoni.

"Shemeji, mumeo anaua mahindi."

"Nimeona," alisema Rebeka. "Jana kaua ukoka wa kanisani. Karibu uji."

Walimsugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Wapi! Akivaa buti, zinapitisha dawa. Kwenye karanga na choroko alitembea bila madhara, maana hizo zina majani mapana. Shida ilikuwa mpunga. Nyumba yao ilizungukwa na majaruba pande zote, mpunga ulikuwa unachanua, na ndio ulikuwa chakula chao cha mwaka mzima. Masele akipita mara moja tu, wangelala njaa.

Nkwabi akashauri Masele ahamie kwa kaka yake huko Kalangalala, mjini Geita, kwenye nyumba na maduka tu, mpaka baada ya mavuno. Masele akafunga mfuko wake.

"Kalangalala utapikiwa na nani?" Rebeka aliuliza.

"Mama Mageni, mpunga huu ndio chakula," Masele alimwambia mkewe.

"Mpunga nimeupanda mimi, naujua." Akainama. "Panda."

"Watu watasema."

"Waseme. Panda, na hiyo miguu uiinue."

Masele alipanda mgongoni kwa mkewe. Kuanzia siku hiyo Rebeka alimbeba kwenda zizini na kurudi, kwenda kisimani na kurudi, Jumapili kanisani. Masele alishika jembe na mwavuli, akamtahadharisha panapoteleza. Alimpenda sana mke wake, na siku moja katikati ya majaruba akamwambia hivyo, jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu mahari ilipopokelewa.

"Wabeja," Rebeka alimshukuru kwa Kisukuma. "Sasa tulia, unaniongezea uzito."

Siku ya gulio alimbeba mpaka Kahama, akamshusha mbele ya duka la Sostenes. Ukoka wa mlangoni ukanyauka. Sostenes alichungulia.

"Si mnaona? Dawa yangu haina mchezo."

"Wape basi watu maelezo," alisema Rebeka.

"Mama, anayenunua dumu zima anapata na maelezo yake. Wa chupa, nimkatie kipande?" Akamgeukia mteja mwingine aliyevaa kandambili, akammiminia.

Mpunga ulizaa vizuri, Mungu ni mwema. Nkwabi alipoona lusina ya jirani ilivyo safi, naye akaenda Kahama na chupa yake. Wengine wakamfuata. Msimu uliofuata wanawake wa kijiji walipita juu ya matuta ya majaruba na waume zao mgongoni, wakisalimiana kama kawaida. Wadogo walimwamkia shikamoo anayebeba kwanza, halafu anayebebwa. Tuta ni jembamba, kwa hiyo ilikubalika kwamba aliyebeba mzito apishwe.

Jioni moja mke wa Nkwabi alikuja amepinda mgongo, jasho linamtoka. Rebeka akasogea pembeni.

"Pole na mzigo, dada."

"Asante. Afadhali wewe, wako mwepesi."

"Mwanzoni hakuwa hivi," alisema Rebeka. "Anapungua kila wiki."

Akamweka Masele vizuri mgongoni kwa mkono mmoja, akaendelea na safari.