Meza ya Ukaguzi

Mkasi ulimponyoka tena, naye akajifanya anakuna goti huku akiupapasa sakafuni. Wanawake wanane walikaa kwenye meza ile ya kiwanda cha mashati, kazi yao moja: kutazama. Vifungo vimekaa sawa? Nyuzi zimekatwa? Yeye alikuwa na miezi mitano shati jeupe analiona ukungu mtupu. Aliyejua ni shoga yake aliyekaa kushoto kwake, peke yake.

"Si uende hospitali, jamani?"

"Wakigundua, kesho niko mtaani. Yule mume wangu mgonjwa wa kitandani na wanangu watatu, nitawalisha nini?"

Basi akaibadili kazi mwenyewe, kimyakimya. Akaacha kutazama. Kidole gumba kilishuka na vifungo kutoka kola hadi pindo, kiganja cha pili kikisugua mshono kwa ndani; uzi ukimchoma, anakata. Madoa, ambayo vidole havikuyajua, shoga yake alimwangalizia kwa jicho la pembeni. Usiku alilala na vidole vilivyochunika. Mwezi haukuisha, akawa anawapita wote.

Msimamizi akagundua. Siku tatu alisimama nyuma yake na saa mkononi. Siku ya nne akaamuru mashine zizimwe.

"Mnamwona dada huyu? Hakuna aliyemtuma! Kabuni mwenyewe. Hebu waambie wenzako, nini kilikusukuma?"

"Naipenda kazi yangu, bosi."

"Mmesikia? Anaipenda! Kuanzia leo wote mtafanya kama yeye. Na kwa mwendo huu, watu wanne wanaitosha meza hii."

Akasoma nambari za wafanyakazi wanne wa kuondoka. Viti vikaburutwa, kimoja baada ya kingine. Mtu alipiga kite. Cha mwisho kuburutwa kilikuwa cha kushoto kwake.

"Shoga?"

Mkono ulimshika bega, ukambana, ukaondoka.

"Wewe utawafundisha waliobaki," msimamizi alisema, akimwekea karatasi na kalamu. "Tia sahihi hapa."

Aliinama, akaandika jina lake lote, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa shule.

"Dada," sauti ya msimamizi ikasema. "Umeandika kwenye meza."

Hewa ikapita usoni pake, kama mtu anayepunga kiganja. Akainua kichwa, akatabasamu kuelekea pale alipodhani pana uso.