Wali wa Kikombe cha Kahawa

Ngazi za kupandia juu ya paa la msikiti zilikuwa ishirini na tisa. Muhiddin wa Mcha alikuwa amezipanda kwa miaka kumi na minane, kila wakati wa sala, kwenda kuadhini. Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa Mfungo Nane, miezi minne kabla ya Ramadhani, alianza kupumzika kwenye ngazi ya kumi na tano. Kwanza alisimama kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Baadaye akawa anakaa kabisa.

Mkewe, Kidawa, alijua kabla ya mtu mwengine yeyote. Uwa wa nyumba yao pale Kiponda ulipakana na ukuta wa msikiti, na makubadhi ya mumewe aliyajua mlio wake, maana Muhiddin alikuwa fundi wa makubadhi na ya kwake aliyashona mwenyewe kwa ngozi nene. Yalipiga ngazi kumi na tano, yakanyamaza. Kidawa naye akawa ananyamaza, mkono juu ya ungo, mpaka yaanze tena.

Bwana Jecha, msimamizi wa msikiti, alikuwa mtu mpole. Alikuja akakaa barazani, akazungumza habari za mvua na bei ya karafuu, mwisho akalitoa lililomleta.

"Muhiddin, sauti kama yako hatuna. Lakini Ramadhani inakuja, na watu wanafungua kwa sauti yako. Ukikaa ngazini kuvuta pumzi, mtaa mzima utakuwa umekaa na tende mkononi unakungoja wewe."

"Nipe mpaka mwisho wa Shaabani," alisema Muhiddin.

"Nakupa. Ukishindwa, itabidi nitafute mtu mwengine, na mimi mwenyewe sitalala kwa huzuni."

Kidawa aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango. Usiku ule Muhiddin aliuliza mara mbili kama mlango umefungwa, na Kidawa akajua kwamba moyo wake hauko mlangoni. Mtu huyu hakuwa na shamba wala mtumbwi. Alikuwa na sindano yake ya ngozi, na hiyo adhana.

Asubuhi alikwenda hospitali. Alirudi akaketi ukumbini, akavua kofia.

"Daktari kasema moyo mzima. Mzigo ndio mkubwa. Nipunguze frasila moja, ratili thelathini na tano nzima."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa kula. Wali nionje tu. Nazi, sukari, vitumbua, mikate, niviache. Nishibe samaki, mayai, kunde, choroko na mboga za majani." Akacheka bila ya furaha. "Kaniandikia chakula cha tajiri, na mimi nimekwenda na mfuko wa mshona makubadhi."

Kweli, kila asubuhi Kidawa alipewa shilingi moja na nusu ya sokoni, ikatosha kwa sababu wali wa nazi unamshibisha mtu kwa samaki mdogo kama kidole. Ukiuondoa wali, lazima samaki akue. Kidawa alifikiri kwa muda wa kuchambua sinia moja ya mchele.

"Hilo niachie mimi," akasema.

Siku ya pili walikwenda ghalani kwa Bwana Matar, mnunuzi wa mbata za nazi, aliyekuwa na mizani ya kupimia magunia. Muhiddin akapanda juu yake, macho yakitazama dari. Frasila saba na ratili sita. Makuli wawili walikuwa nje wakicheka mambo yao. Matar akawafungia mlango wasije wakaona, akasema, "Mbata zangu hazisemi, na mimi sisemi. Njoo kila baada ya wiki mbili." Hakutaka hata shukurani.

Kidawa alizaliwa Bwejuu, kijiji cha wavuvi, na mtoto wa Bwejuu hujua kwamba kitoweo kipo cha namna nyingi kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Aliacha kwenda soko la Darajani asubuhi na mapema, wakati nguru na changu wanapiganiwa. Alikwenda karibu na adhuhuri, wauza samaki wameanza kuwarushia maji samaki waliobaki na kulitazama jua kwa wasiwasi. Hapo alinunua wale ambao wake za watu wanawapita wakiziba pua: papa mbichi, samaki aitwaye taa, na vichwa vikubwa ambavyo nyama ya shingo imeachwa na kisu cha haraka.

"Ah! Mke wa muadhini anakula papa?" muuzaji mmoja alimtania.

"Mke wa muadhini ana akili," akajibu Hasan, aliyekuwa meza ya pili. "Wewe unauza nyama usiyojua kuipika."

Tangu siku ile Hasan alikuwa akimfichia kichwa kimoja kizuri chini ya majani ya mgomba, na akimwona tu anatokea alikuwa akisema, "Hiki kilikuwa kinakuuliza, Bi Kidawa."

Kwa muuza mayai Kidawa alikwenda na kibakuli. Mayai yaliyopata ufa njiani kutoka shamba hakuna aliyeyataka, naye aliyapata kwa nusu ya bei. Kila baada ya siku kadhaa dada yake Wanu alimletea pakacha dogo kwa gari la shamba: pweza mkavu, na mara nyengine chaza waliochemshwa na kuanikwa. Wanu hakuuliza ni vya nini. Aliambiwa vinahitajika, akaenda pwani maji yalipotoka.

Papa alimchemsha kwa ndimu na tangawizi mpaka harufu ikaondoka, akamchambua, akamvuruga kwa kitunguu, bizari na pilipili manga. Vichwa alivipika mchuzi wa ukwaju na mbirimbi, mwekundu na mkali, usiodai nazi. Pweza alimtwanga kwa mchi mpaka akalegea. Kunde alizisaga akafanya bajia, lakini hakuzitosa katika mafuta. Alikipangusa chuma cha chapati kwa kitambaa kilichoguswa mafuta, akaziweka juu yake, akazigeuza kwa subira. Majani ya mronge aliyapata bure nyuma ya msikiti. Wali akaupima kwa kikombe kidogo cha kahawa, akakipindua katikati ya sahani.

Muhiddin alikitazama kile kilima.

"Kidawa, huu ni wa kula au wa kunywa?"

"Anza na samaki. Ukifika hapo utakuwa hukumbuki kuuliza."

Akaanza na samaki. Alipofika kwenye wali alicheka, maana kweli alikuwa ameshashiba. Lakini alinyanyua kidole. "Usimwambie mtu. Nnapimiwa wali kama mtoto aliyeachishwa ziwa! Wakijua barazani sina pa kuuweka uso wangu."

Kidawa akaahidi. Yeye mwenyewe alikula kilekile alichokula mumewe, ingawa hakuna daktari aliyemwambia. Alihisi si vizuri mtu aonyeshwe wali wa nazi mbele yake na kukatazwa. Na Muhiddin kila alipoona yai limekatwa vipande viwili visivyo sawa, alikisukuma kikubwa upande wa mkewe. "Daktari kasema nile mayai. Hakusema nile yako."

Baada ya wiki sita Matar alisoma mizani, akatabasamu: ratili kumi na tatu zimeondoka. Ngazi ya kumi na tano ikawa ya kusimama tu, si ya kukaa.

Basi hapo ndipo majirani walipowaonea huruma.

Katika mitaa ile, kila nyumba ilijulikana kwa sauti zake. Ikifika saa nne asubuhi, mbuzi za kukunia nazi zilianza kukwaruza uwani, nyumba hadi nyumba, na aliyelala akaamka. Kwa Kidawa palikuwa kimya. Bi Mwatima, mjane aliyekaa ukuta wa pili, aliusikia ukimya huo wiki ya kwanza, akadhani Kidawa anaumwa mkono. Wiki ya saba akamwona anatoka sokoni na kichwa cha samaki na mayai yenye ufa katika kibakuli. Bi Mwatima akaingia ndani kwake, akakaa kitandani, akalia kidogo. Nyumba ya muadhini imeishiwa mpaka nazi!

Hakuuliza. Kuuliza kungemvunjia mtu heshima yake. Alikaanga vitumbua sita, akavifunika kwa kawa, akavileta mwenyewe.

"Leo nimezidisha unga, mwanangu. Nisaidie visiharibike."

Kesho yake Mwatum, mke wa Jecha, alileta wali wa nazi na mchuzi. Keshokutwa ukaja mkate wa kumimina kutoka nyumba ya mwisho, bado una moto. Wote walikuwa "wamezidisha". Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyetazama jikoni.

Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hilo Kidawa alilijua kabla hajajua kusuka nywele. Kwake kulikuwa na nini cha kutia? Mayai. Pweza wa Wanu. Bajia za kunde alizokesha akiloweka. Ikawa vitumbua vinaingia na mayai yanatoka. Na majirani walipoona wanarudishiwa mayai na mtu waliyemdhani hana kitu, waliguswa zaidi, wakazidisha sahani.

Katikati ya Rajabu Muhiddin alipanda mizani. Matar akasafisha koo.

"Muadhini, una nini mfukoni leo?"

Ratili mbili zilikuwa zimerudi.

Walipofika nyumbani Muhiddin akakaa ngazi ya mlangoni.

"Ni vitumbua vya Bi Mwatima," akasema. "Wewe ukienda sokoni, mimi ninavila. Ajuza yule anaamka alfajiri, anapuliza moto na macho yake yale ya uzee. Niviache vikauke?"

Kidawa alikuwa amekusudia kukasirika, akakosa pa kuanzia.

"Mimi nnakwenda kumwambia," alisema mwisho.

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Kwa hiyo kasirika sasa hivi, nikirudi uwe umeshamaliza."

Alijitanda kanga, akenda mlango wa pili akiwa na sahani tupu ya Bi Mwatima mkononi. Miaka ishirini ya ujirani, hakuwahi kuirudisha hivyo.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu."

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba." Mwanamke yule aliitazama sahani, akamtazama Kidawa usoni. "Kuna nini?"

Kidawa akamwambia yote: ngazi ya kumi na tano, frasila moja, mwisho wa Shaabani, kikombe cha kahawa. Alisema akiitazama mikono yake. Aliponyanyua macho, Bi Mwatima alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika.

"Unalia, bibi?"

"Nnacheka, maskini! Mimi nilikuombea dua za riziki kila alfajiri! Nikasema Mungu, watu hawa wanakula mayai mabovu!"

"Si mabovu. Yana ufa tu."

"Basi nimemlisha muadhini vitumbua mpaka nikamtia gereza la ngazi!" Akacheka tena, kisha akafuta macho na kufikiri. "Lakini wale wengine? Tukiwaambia, barazani watakuwa hawana mazungumzo mengine. Na Mwatum akizuiwa bila ya sababu atanuna. Wote wanasikiliza mbuzi yako, Kidawa. Isiposikika hawaachi kuleta."

"Nikune nazi niimwage?"

"Astaghfirullahi! Nazi yangu je? Mimi nna mbuzi mbovu, mguu umelegea toka Idi. Kila siku saa nne nakuja kukuna kwako, tui naondoka nalo. Hapo tutakuwa tumemdanganya nani? Nazi si itakuwa imekunwa?"

Kidawa alitaka kumbusu mkono, Bi Mwatima akauvuta. "Nenda. Na mayai usinirudishie tena, nshakula ya kutosha."

Kuanzia kesho yake mbuzi ililia uwani kwa Kidawa, na ililia kweli, maana Bi Mwatima alikuna kwa nguvu kama anagombana nayo. Siku ya nne Mwatum alipita mlangoni, akasimama kusikiliza, akasema peke yake, "Alhamdulillahi," akaenda zake. Sahani zikapungua, zikarudi kuwa za kawaida, za mara moja moja. Na iliyotoka kwa Bi Mwatima sasa ilikuja na choroko zisizo na tui, au dagaa waliokaushwa kwa ndimu, na juu yake kikombe chake mwenyewe cha kahawa, kimepinduliwa, na wali ndani yake.

Mvua za masika zikaja, samaki wakaadimika. Hasan akapungukiwa, lakini kichwa chini ya majani kilikuwapo. Siku ambayo hakikuwapo, Kidawa alipika kunde na mayai, na Muhiddin akala akasifu kama yuko harusini.

Mara ya mwisho kwenda kwa Matar, mizani ilisema imeondoka frasila moja kasoro ratili nne. Muhiddin akasikitika.

"Hizo nne ni za ndevu na makubadhi," alisema Matar. "Ngazi hazijui kusoma mizani. Nenda kazipande."

Jioni ya ishirini na tisa Shaabani, mvua ilikuwa imekatika na watu wengi walikuwa juu ya mapaa kuutafuta mwezi. Bwana Jecha alikaa baraza ya msikiti, saa yake ya mfukoni kiganjani. Kidawa alikuwa uwani akiosha ungo. Bi Mwatima alikuwa juu ya mbuzi. Siku hiyo alichelewa na nazi yake, alisema, ingawa hakusema kwa nini.

Makubadhi yakaanza. Bi Mwatima akasimamisha mkono. Ngazi ya kwanza, ya tano, ya kumi. Kidawa alikuwa ameushika ungo kwa mikono miwili na maji yanachuruzika miguuni mwake. Kumi na nne. Kumi na tano.

Kumi na sita.

Yaliendelea, taratibu, bila haraka, mpaka hayakusikika tena. Kisha ikaja sauti kutoka juu, imejaa, haikuvunjika mahali, ikavuka mapaa kuelekea pwani.

"Hakukaa," alinong'ona Bi Mwatima.

"Hakukaa."

Jecha aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Bi Kidawa!"

"Naam!"

"Mwaka huu tende hatutozishika muda mrefu!"

Bi Mwatima alimimina nazi yake katika bakuli, lakini akabakisha kiganja kimoja, cheupe na kibichi, akakiweka juu ya sahani safi mbele ya Kidawa.

"Hii ni yako. Najua miezi minne hujatia hata chembe mdomoni, na wewe hakuna daktari aliyekukataza."

Kidawa akaichota kwa vidole, akaitia mdomoni. Ilikuwa tamu kuliko alivyoikumbuka. Akaitafuna polepole, akisikiliza, mpaka adhana ikamalizika.