Ukurasa wa Asiyefika

Boti aliyopanda mzee Suhaib kutoka Nansio ilizama mchana kweupe, na mkewe Mwanabaraka akapata habari za kifo chake kwa ujumbe wa simu, yuko sokoni Nyamagana, anachagua nyanya. Miaka ikapita. Binti yao Shamsia akasomea kompyuta, akaapa kutengeneza programu ya simu itakayowajulisha watu wa nyumbani kama abiria wao amefika. Wenye boti walikubali kuiona michoro yake Jumatatu. Wakiikataa, hakuwa na mwingine wa kumwendea.

Programu yenyewe alikuwa hajaanza kuiandika. Kwanza zichorwe kurasa zake, upi utangulie, kitufe gani kikae wapi, na hapo ndipo alipovutana na mwenzake, Ooko. Ooko alikuwa na chombo cha kuchorea kwenye kompyuta, chenye rangi na vitufe vinavyobonyezeka. Shamsia alitaka penseli na karatasi.

"Penseli!" Ooko alicheka. "Tunakwenda kwa wenye boti au tunarudi chekechea?"

Wakakubaliana wamwonyeshe mama kwanza. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, Ooko akafika nyumbani kwa kina Shamsia, Kiseke, akatoa shikamoo, akafungua kompyuta mbele ya Mwanabaraka. Kurasa zikapita moja baada ya nyingine, zinang'aa. Mmoja umeandikwa Yuko njiani, mwingine Amefika.

"Mashallah," mama alisema, mikono ameikunja mapajani. "Kazi nzuri. Mmeshamaliza, Mungu awabariki. Nikuletee chai, baba?"

Ooko akamkonyeza Shamsia. Lakini Shamsia alikuwa akiitazama ile mikono. Sauti hiyo aliijua: ndiyo sauti ya mama akiwa ugenini, amepakuliwa chakula kisicho na chumvi, anasifu na kushukuru. Hakuwa mtu wa kukosoa kitu kilichokwisha kupambwa na kuletwa mbele yake.

Shamsia akachukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza, akachora kurasa zile zile kwa penseli. Mistari ikapinda, akafuta, akachora tena. Mama akasogeza kiti.

"Hicho kiboksi ni cha nini?"

"Amefika, mama."

"Na asiyefika?"

Ooko akaifunga kompyuta taratibu.

"Tutaweka ukurasa mwekundu," Shamsia alisema. "Simu ikuambie..."

"Simu isiniambie." Mama akaichukua penseli mkononi mwa binti yake. "Mimi niliambiwa na simu. Nikaanguka juu ya nyanya za watu, wakanizunguka wageni watupu. Habari kama ile inaletwa na mtu, Shamsia. Anaingia, anakaa, unamwona usoni kabla hajafungua mdomo." Akachora mstari mzito chini ya karatasi. "Abiria anapopanda, aandike jina la jirani wa kwao. Simu imwendee huyo. Aje yeye."

"Wewe ungemwandika nani, mama?" Ooko aliuliza kwa upole.

"Tereza. Angenifuata popote."

Jumatatu walikwenda na kalenda peke yake. Mashimba, mwenyekiti wa wenye boti, akaikunjua mezani, akawatazama.

"Vijana, hamna kompyuta?"

"Tunayo, mzee," Ooko alijibu. "Hii inafutika."

Mashimba akasoma kurasa zote, hadi ule mstari mzito wa chini, ulioandikwa Jina la jirani. Kisha akaomba penseli, akaandika jina la jirani yake.